Uso unapowaka mpakani: Si kila wekundu unaletwa na jua

MFANYABIASHARA anayewahi foleni ya Namanga, Mutukula au Rusumo hupigwa na jua, vumbi na upepo kabla mzigo wake haujakaguliwa. Uso ukianza kuwaka na kuwa mwekundu, lawama zote huangukia safari.

Mara nyingine ni kweli. Lakini kipo chanzo kingine ambacho baadhi yetu tunakibeba kwenye mkoba, na wengine kwenye mzigo wenyewe: krimu za kung'arisha ngozi.

Baadhi ya krimu hizo zina steroidi kali kama clobetasol, dawa ambayo kwa kawaida hutolewa kwa cheti cha daktari na kutumika kwa muda mfupi. Wiki za mwanzo uso hung'aa na chunusi hutulia. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu hutanuka, vipele hutoka na jua kidogo tu huunguza. Mtumiaji akiacha, uso huwaka zaidi. Akipaka tena, hutulia. Hapo huamini krimu ndiyo tiba, kumbe ndiyo iliyomletea maradhi.

Kwa mtu mweupe au wa maji ya kunde, wekundu huonekana mapema. Kwa mweusi, ngozi huweza kuwa ya zambarau au kahawia iliyokolea, au akasikia joto na kuchomwachomwa tu. Ndiyo maana wengi huchelewa kutafuta matibabu.

Zebaki ni hatari zaidi, kwani hupenya ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na humdhuru mtoto aliye tumboni.

Kwa anayeuza, hasara ni mara mbili. Vipodozi vyenye haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na Kigali ilianza msako mkali madukani mwishoni mwa 2018. Mwaka 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuondoa sokoni vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki ifikapo 2025. Katoni ikikamatwa, mtaji umekwenda.

Kabla ya kununua, soma viambato kwenye boksi. Ukiona hydroquinone, clobetasol, betamethasone, mercury, mercurio au calomel, iache. Bidhaa isiyoandikwa viambato wala mtengenezaji nayo iache, hata kama bei ni ya kutupa.

Aliyekwisha kuathirika aende kwa daktari wa ngozi au kituo cha afya akiwa na boksi la krimu. Aliyetumia steroidi kwa miezi mingi asiache ghafla bila ushauri, na asijitibu kwa krimu nyingine ya sokoni. Wapo pia wenye maradhi ya ngozi yasiyotokana na krimu, na hao huhitaji dawa tofauti.

Njiani, vaa kofia pana, osha uso kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na manukato, usisugue, kisha paka mafuta mepesi na kinga ya jua. Angalia pia kinachokuwasha: pilipili, pombe na chai ya moto sana huchochea wekundu kwa baadhi ya watu.

Mzigo uliozuiliwa huweza kununuliwa upya msimu ujao. Ngozi iliyoharibika huchukua miezi kupona, na mingine hubaki na alama.