Kubadilisha tangi la mafuta la Land Rover ya zamani

Kubadilisha tangi la mafuta ni kazi ya ufundi wa magari ambamo tangi lililooza kwa kutu huondolewa na jingine kufungwa mahali pake. Makala hii inahusu Land Rover za Series, zilizoundwa Uingereza kuanzia mwaka 1948 hadi 1985 na kuenea sana Afrika ya Mashariki, na inatazama hasa mazingira ya kisiwa cha Pemba, ambako chumvi ya bahari ni adui mkubwa wa chuma.

Sababu za kuoza

Pemba iko katika Bahari ya Hindi, kilomita zipatazo 50 kutoka mwambao wa Tanzania bara. Upepo wa kusi na wa kaskazi huleta unyevu wenye chumvi, na wakati wa masika tope la barabarani hunata chini ya gari na kukaa hapo siku nyingi. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, ambayo haishiki kutu, lakini chasisi na tangi ni vya chuma. Ndiyo maana gari huweza kuonekana zima kwa nje hali tangi limekwisha.

Kutu huanza pia kwa ndani. Gari likiegeshwa muda mrefu na tangi nusu, hewa iliyo juu ya petroli hupoa usiku na mvuke wa maji uliomo hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hutuama chini kabisa na kuanza kula bati. Dalili ya kwanza huonekana katika kikombe cha kioo kilicho chini ya pampu ya mafuta, ubavuni mwa injini: unga mwekundu na tone la maji. Baadaye injini hukohoa ikipanda vilima, ambavyo Pemba havikosekani.

Hatari ya tangi tupu

Pemba haina kiwanda cha magari, na tangi jipya lazima livuke bahari. Hivyo mwenye gari hushawishika kulipeleka la zamani kwa fundi wa kuchomelea. Hapa ndipo watu wanapopoteza macho, mikono na hata maisha.

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mchanganyiko hushika moto mvuke unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, tena mvuke wake ni mwingi kupita kiasi. Tangi "tupu" ndilo lenye hewa ya kutosha. Tangi la kawaida la Land Rover fupi huchukua lita 45 hivi. Petroli ya kijiko kimoja cha chai ikigeuka mvuke humo inatosha kulifanya bomu. Kiasi hicho hujificha kwa urahisi kwenye maungio na chini ya magamba ya kutu, hata baada ya tangi kuoshwa kwa sabuni, kisha hutoka joto la kuchomelea linapofika.

Kulianika juani siku mbili tatu hakutoshi, na pua haiwezi kuthibitisha kwamba mvuke umekwisha. Kuingiza moshi wa ekzosi, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, si njia ya kutegemea. Tangi lililotoboka kwa kutu lina bati jembamba kila mahali, kwa hiyo hata likizibwa salama litavuja pengine. Kununua jipya, au kuundiwa jingine kwa bati ambalo halijawahi kuguswa na petroli, ni busara zaidi.

Kufungua na kufunga

Kazi hufanyika nje, mbali na jiko, sigara na genereta. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Hutambaa chini na kujikusanya shimoni, kwa hiyo shimo la gereji si mahali pake.

Kwanza hutolewa waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Katika Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 waya huo ni wa chanya, si wa hasi, jambo linalowakosesha mafundi vijana. Petroli humwagwa kwa kufungua nati ya chini na kuhifadhiwa katika dumu lenye kifuniko. Katika gari fupi tangi liko chini ya kiti cha kulia, yaani dereva hulikalia. Katika gari refu la abiria liko nyuma. Mipira ya kujazia na ya kupumulia, bomba la mafuta na waya wa geji huondolewa kabla ya bolti. Bolti zilizoshikwa na kutu hulowekwa mafuta ya kupenya usiku kucha. Kuzikata kwa mashine yenye cheche ni kutafuta msiba.

Mipira ya zamani isirudishwe. Mpira wa kupumulia ukiziba, tangi haliingizi hewa na injini huzima njiani ingawa mafuta yapo. Rangi nene mahali geji inapofungwa nayo hukata njia ya umeme, na mshale ukadanganya.

Baada ya kufunga, hutiwa lita 5 tu kwanza. Karatasi kavu hutandikwa chini ya gari na kukaguliwa asubuhi, kabla ya waya wa betri kurudishwa.