Ukimpiga Muuguzi, Nani Atamtibu Mgonjwa?



Sisi wauguzi tunazijua saa za hatari. Hospitali ya Tumbi, Kibaha, hupokea majeruhi wa Barabara ya Morogoro usiku na mchana. Katika zahanati za vijijini Kisarawe, muuguzi wa zamu huweza kuwa peke yake. Ndugu wakijaa mlangoni, hofu hugeuka hasira.

Ugomvi mwingi huanzia mambo mawili. La kwanza ni foleni. Aliyefika nyuma akaingizwa kwanza hakupendelewa. Huenda anavuja damu au anashindwa kupumua. La pili ni PF3, fomu ya polisi kwa walioumia. Mgonjwa mahututi aanze kutibiwa, na ndugu mmoja aifuate fomu kituoni.

Je, sheria inasemaje? Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 241, anayemshambulia mtu na kumdhuru mwili aweza kufungwa hadi miaka 5. Akimjeruhi vibaya, kifungu cha 225 kinafikisha miaka 7. Kufiwa au kucheleweshwa hakumpi mtu ruhusa ya kupiga.

Lakini tuseme kweli yote. Muuguzi anayempiga mama mwenye uchungu wa kuzaa naye anashitakiwa kwa sheria hiyo hiyo. Ukitendewa vibaya, andika siku, saa na jina la aliyekuhudumia, kisha muone mganga mfawidhi. Usiporidhika, peleka malalamiko kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo lina uwezo wa kumfutia muuguzi usajili. Njia hiyo humgusa mkosaji mwenyewe. Ngumi huwaumiza wagonjwa wote.

Jirani zetu wa Kongo waliliona hilo. Tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko wa Kameruni aliuawa mjini Butembo, katika hospitali ya Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, alikokwenda kupambana na Ebola. Mashambulio ya namna hiyo yalikwamisha kazi, na ugonjwa ukazidi kuenea. Ulipotangazwa kwisha Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Basi, mkimleta mgonjwa, chagueni ndugu mmoja mtulivu wa kusema na wauguzi. Wengine wakae nje na kumwombea. Muuguzi akikutukana, usimrudishie, mwandike jina.

Mungu awajalie afya njema.