Usiku Mrefu wa Majira ya Baridi na Usingizi Wake



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeujaalia usiku kuwa vazi na usingizi kuwa mapumziko, kama tunavyofundishwa katika sura ya Al-Furqan na sura ya An-Nabaa. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Leo tunakusudia kueleza jambo ambalo wengi wetu tuliozaliwa pwani ya Afrika Mashariki hulijua tu wanapolikuta ugenini, nalo ni usiku mrefu wa majira ya baridi. Kwetu Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, tofauti baina ya usiku mrefu kabisa na ule mfupi kabisa haifiki saa moja. Ndiyo maana twahesabu saa zetu kwa kuchomoza na kuchwa kwa jua, na hesabu hiyo haitupotezi. Lakini London, katika siku fupi za Desemba, jua huchwa yapata saa 9:53 alasiri na kuchomoza yapata saa 2:04 asubuhi. Mtu akitamka saa 12 jioni, jua limekwisha zama kwa zaidi ya saa mbili, na Isha imekaribia au imekwisha ingia.

Mwenzetu aliyefika karibuni hufanya nini? Husali, hula, hujifunika mablanketi na kulala saa 2 usiku. Ifikapo saa 8 yu macho. Hugeuka huku na huku, huitazama saa, hukasirika. Baada ya siku chache hudhani kuwa mgonjwa, au kwamba amefanyiwa jambo na watu, akaanza kutafuta vidonge.

Kumbe hesabu yenyewe ndiyo iliyomshinda. Mtu mzima kwa kawaida huhitaji usingizi wa saa 7 hadi 9, na baina ya Isha na Alfajiri katika siku hizo huwa na saa 12 hivi. Anayejilaza saa zote hizo hawezi kuzijaza kwa usingizi, kama vile aliyeshiba asivyoweza kumaliza sinia ya pili ya wali. Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani, Thomas Wehr, alieleza habari za watu waliokaa gizani saa 14 kila usiku kwa muda wa mwezi mmoja. Usingizi wao uligawanyika mafungu mawili, na katikati wakawa macho kwa utulivu, saa moja hadi tatu. Naye mwanahistoria Roger Ekirch alionyesha mwaka 2001 kwamba watu wa Ulaya, kabla ya taa za umeme, walizoea kutaja usingizi wa kwanza na wa pili.

Nasi tunayo hadithi ya Abdullah bin Amr, iliyomo katika Bukhari na Muslim, juu ya Nabii Daud: alikuwa akilala nusu ya usiku, akisimama kwa ibada theluthi yake, kisha akilala sudusi iliyobaki. Tuzichukue kwa mfano zile saa 12. Atalala 6, atasimama 4, atalala tena 2. Jumla ya usingizi ni saa 8. Hatusemi kwamba hadithi hiyo ililetwa kufundisha utabibu, wala hatumkalifishi mfanyakazi wa zamu kusimama saa 4. Rakaa mbili na istighfari zaweza kumtosha. Twasema tu kwamba kuamka huko si jambo la kuogopwa. Na asiyeweza kurudia usingizi asishindane na mto. Ainuke, akae penye mwanga hafifu, asome kidogo, arudi kope zikiwa nzito.

Ama kuulegeza mwili, tumeelekezwa kutia udhu kabla ya kulala na kulalia ubavu wa kulia. Maji na yawe ya uvuguvugu, na miguu ivishwe soksi, kwani watafiti wa Uswisi walionyesha mwaka 1999 kwamba nyayo na viganja vyenye joto huharakisha usingizi: joto la ndani hutokea huko, na kiwiliwili kikapoa. Taa na simu zizimwe mapema. Kisha ifuatwe njia aliyoieleza daktari Edmund Jacobson wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1929. Kaza vidole vya miguu kwa muda mfupi, kisha viachie na usikilize vinavyolegea. Panda kwenye ndama za miguu, mapaja, tumbo, ngumi, mabega, hata paji la uso. Wengi hawafiki kwenye mabega.

Akosaye usingizi wiki nyingi, au aliyejawa na huzuni mchana kutwa, amwendee daktari.

Limebaki la moto. Mtume (S.A.W.) aliposikia habari ya nyumba ya Madina iliyowaunguza wenyewe usiku, aliamuru moto uzimwe watu walalapo. Nasi leo twajua zaidi: jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humuua aliyelala bila ya kumwamsha. Hayo si ya Ulaya tu. Ni ya Njombe na Mbeya pia, katika baridi ya Juni na Julai. Jiko litolewe nje kabla ya mlango kufungwa, hata kama makaa yaonekana kuwa majivu.