Mafuta hayaazimwi usiku wa manane



Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikabaki gizani. Siku mbili kabla, kwenye kesha la Pasaka, Wakristo walikuwa wamezima taa za kanisa kwa hiari yao, wakasimama gizani wakisubiri mshumaa mmoja uingie mlangoni. Giza la kesha tulilipanga wenyewe. Lile la Jumatatu lilitukuta, na kila nyumba ikajua ina nini kabatini.

Huku kwetu Shinyanga na Geita umeme si jambo dogo. Njia kuu ya kilovolti 400 inayotoka Iringa, ikapita Dodoma na Singida, inafika Shinyanga. Umeme unasaga unga, unanyoa nywele, unachomelea milango, unazungusha makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu na kuvuta maji kutoka kwenye maduara. Ukikatika, karasha hunyamaza. Mahali pasipo na jenereta, maji huanza kupanda chini kule na wachimbaji hupanda juu. Nyumbani friji huanza kutoa maji, simu huzima, na sare ya mtoto hukaa na makunyanzi hadi asubuhi.

Ndipo vitu vya zamani vinapotafutwa. Kuna chemli ya bibi, ambayo kioo chake kilisafishwa kwa majivu na utambi wake ukapunguzwa kwa mkasi ili usitoe moshi. Kuna kibatari cha kopo, chenye utambi wa pamba, ile ile tuliyoiita dhahabu nyeupe kabla watu hawajaacha majembe na kukimbilia dhahabu ya njano. Kuna pasi ya mkaa. Kuna mtungi, ambao hupoza maji bila waya wowote: maji hupenya taratibu kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yanapokauka huondoka na joto. Na kuna michembe na matobolwa. Msukuma hakuhitaji friji ili viazi vitamu vimfikishe kwenye njaa ya masika. Alivikata na kuvianika vibichi, au alivichemsha kwanza ndipo akavianika, wakati wa jua kali na upepo mkavu wa kipupwe.

Sisemi hayo ili turudi nyuma. Si kila cha zamani ni chema. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi na madirisha yakafungwa, hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Kibatari karibu na chandarua ni moto unaosubiri tu upepo. Na kila gunia la mkaa ni mti uliokatwa, katika mkoa ambao mwaka 1986 ulilazimika kuanza mradi wa HASHI ili kuiokoa ardhi isigeuke jangwa, kwa kufufua ngitili za wazee wetu.

Ninachotaka tukione ni hiki: vitu hivyo vyote vinafanya kazi kwa mtu aliyeviandaa mchana. Chemli hujazwa mafuta jua likiwapo. Viazi huanikwa kabla ya njaa. Ngitili hufungwa wakati majani bado yapo, ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Anayeanza kutafuta mafuta giza likishaingia, anatafuta kwa kupapasa.

Bwana wetu alisimulia habari za wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Wote kumi walikuwa na taa. Wote kumi walisinzia. Tofauti yao ilikuwa chupa ya mafuta tu. Wakristo wengi huniuliza: Padre, mbona wale wenye busara walikataa kugawa? Huo si uchoyo?

Ndugu yangu, yapo mambo ambayo hata mwenye upendo mkubwa hawezi kukuazima. Agosti 2025 mgodi wa Nyandolwa, mkoani Shinyanga, ulititia na kufukia zaidi ya watu 20. Nchi nzima iliomba, nasi mapadre tuliomba. Sala zile ni za thamani mbele ya Mungu. Lakini mtu aliye chini ya kifusi hawezi kumtuma mama yake akasamehe kwa niaba yake, wala kumwomba katekista amwazime imani ya miaka kumi. Kule chini anabaki na alichoshuka nacho. Kijana unayeshuka kesho asubuhi: yule ndugu mnayegombania kiwanja, utazungumza naye lini? Kitubio unachokiahirisha tangu Kwaresima, unakisubirisha nini?

Mafuta hayagawiki, lakini mwanga unagawika. Kwenye kesha la Pasaka mshumaa mmoja huwasha mwingine, kisha mwingine, hadi kanisa lote linang'aa, na ule wa kwanza haujapungua hata kidogo. Basi mwenye jenereta asifunge geti. Mtoto wa jirani ana mtihani wa darasa la saba; meza yako ina nafasi. Mwenye sola amchajie simu mjane bila kumdai. Na mwenye duka anayepandisha bei ya mafuta ya taa na mishumaa kila umeme unapokatika ajue kwamba anauza giza la wenzake, na fedha hiyo haina baraka hata akiileta kwenye kapu la sadaka.

Wiki hii, kabla umeme haujakatika tena, fanya mambo mawili mchana. Safisha taa yako ya nyumbani, ujaze mafuta, uiweke mahali ambapo hata mtoto anaweza kuonyesha. Kisha mwendee mtu mmoja unayedaiana naye msamaha. Bwana arusi hakutaja saa, na gridi nayo haitaji.