Ugumu wa Kuratibu Viungo kwa Wanafunzi: Dalili, Haki na Hatua za Kuchukua

Mwanafunzi anayeandika polepole, anayekosea vifungo vya sare na kuangusha vitu mara kwa mara huitwa mzembe nyumbani na mvivu darasani. Hata hivyo, kwa baadhi ya watoto chanzo si tabia, bali ni ugumu wa ubongo kupanga na kuratibu mienendo ya viungo vya mwili.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiorodhesha hali hiyo miongoni mwa matatizo ya makuzi katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Tafiti za kimataifa zinakadiria kuwa huwapata watoto 5 hadi 6 kati ya kila 100 wenye umri wa kwenda shule, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana. Kwa makadirio hayo, darasa la wanafunzi 50 linaweza kuwa na wawili au watatu. Huonekana zaidi kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wakiwa na uzito mdogo, na haimaanishi upungufu wa akili.

Dalili za kuangalia

Darasani, mtoto huyo hujibu vizuri kwa mdomo lakini daftari lake hubaki na mistari michache. Hukandamiza penseli, huchoka mkono mapema, na hushindwa kumaliza kunakili yaliyo ubaoni kabla hayajafutwa. Uwanjani hukwepa rede, mdako na kuruka kamba kwa kuwa wenzake humcheka. Nyumbani huchukua muda mrefu kufunga kamba za viatu au kuvaa sare.

Kwa watoto wa Jangwani na Kariakoo, suala hili ni la usalama pia. Kuvuka Mtaa wa Msimbazi kunahitaji kukadiria kwa haraka mwendo wa daladala, bodaboda, bajaji na mikokoteni, kisha kuuamuru mwili kutenda kwa wakati. Mtoto mwenye ugumu huu anaweza kuchelewa katika hatua zote mbili. Inafaa mzazi amchagulie njia moja yenye kivuko cha waenda kwa miguu, na kuipita pamoja naye mara nyingi kabla ya kumruhusu kwenda peke yake.

Dalili hizo huanza utotoni na hazizidi ghafla. Mtoto aliyekuwa akitembea, kukimbia au kuandika vizuri kisha akaanza kupoteza uwezo huo anapaswa kupelekwa hospitali mara moja, kwa kuwa huenda ana ugonjwa mwingine wa misuli au mishipa ya fahamu. Aidha, macho yapimwe, kwani uoni hafifu huweza kuleta dalili zinazofanana.

Haki ya mwanafunzi

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kupata elimu katika mazingira jumuishi. Katika mitihani ya Taifa, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mpango huo hutegemea taarifa za mwanafunzi kutoka shuleni. Mtoto ambaye tatizo lake halijabainishwa hana wa kumwombea, na anaweza kuhukumiwa kwa kasi ya mkono wake badala ya maarifa aliyonayo.

Hatua za kuchukua

Mzazi mwenye wasiwasi anashauriwa kuzungumza kwanza na mwalimu wa darasa, kisha kumpeleka mtoto katika kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi, mtoto hupewa rufaa kwenda hospitali yenye huduma za utengamao, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyopo Upanga, jirani na Jangwani. Huko wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo humpima na kumfundisha kumudu kazi za kila siku.

Hakuna dawa ya kumeza inayoponya hali hii. Kinachosaidia ni mazoezi ya kazi yenyewe inayomshinda mtoto, ikigawanywa katika hatua ndogo na kurudiwa kwa muda mfupi kila siku. Anayeshindwa kufunga vifungo afundishwe kwanza kifungo kimoja kikubwa, kisha vidogo.

Mwalimu, hata mwenye darasa kubwa, anaweza kumketisha mtoto huyo mbele, kumpunguzia kazi ya kunakili, kumpima baadhi ya maswali kwa mdomo na kuzuia kejeli za wenzake. Viboko haviwezi kuharakisha mkono wa mtoto huyo, ila humfanya aichukie shule.

Kwa watoto wengi hali hii huendelea hadi utu uzima. Anayetambuliwa katika elimu ya awali au darasa la kwanza hupata muda wa kutosha kujifunza namna ya kuimudu kabla ya mitihani ya madarasa ya juu.