Kugusa Nywele na Kumgusa Mtu: Suala la Yambwa

Mtu aliyelelewa Rumangabo, kaskazini mwa Goma, akienda Brussels au London kwa masomo, huenda akakutana na ombi asilolizoea: mtu asiyemjua anamwomba ruhusa ya kugusa nywele zake. Waafrika waishio ng'ambo wamelijadili sana ombi hili, aghalabu kama suala la adabu. Lakini sarufi ya Kiswahili nayo ina la kusema.

Zilinganishwe sentensi "Amegusa nywele zangu" na "Amenigusa nywele". Zote ni sahihi, ila ya pili ndiyo iliyozoeleka zaidi. Ndani yake, kiambishi cha yambwa -ni- kinamwakilisha mwenye nywele. Yeye ndiye aguswaye. Nywele zinataja tu mahali alipoguswa. Ndivyo isemwavyo pia "alimshika mkono", "walimnyoa nywele", "nisuke nywele". Mali ya kawaida haikubali muundo huu. Hakuna asemaye "amenigusa kitabu". "Amenishikia kitabu" inawezekana, lakini kwa kauli ya kutendea, na maana yake ni nyingine kabisa: aliyekishika amemsaidia mwenyewe.

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana kwa kinyozi. Kabla ya wembe kupita, husemwa "amenishika nywele". Zikishaanguka chini, kinyozi "amefagia nywele zangu". "Amenifagia nywele" haisemwi. Yaani nywele huwa kitu zikishatengana na mtu, wala si kabla ya hapo.

Mwaka 2016 Solange, mwimbaji wa Marekani, alitoa wimbo unaokataza watu wasimguse nywele. Kiingereza cha jina la wimbo huo kinazitaja nywele kama mali ya mwimbaji. Mfasiri wa Kiswahili angekuwa na njia mbili, na "usiniguse nywele" ingekuwa kali zaidi, kwa kuwa inamweka mtu mwenyewe ndani ya kitenzi.

Inaweza kupingwa kwamba udadisi ni wa watu wote. Ni kweli. Rumangabo ndipo palipowekwa makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, na mtoto wa huko akimwona mgeni mwenye nywele za singa naye hutamani kuzigusa. Lakini historia haikuwapa wote uzito mmoja. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji kuonyeshwa kwa umma huko Tervuren. Saba walifia huko na kuzikwa. Waliokuja kuwatazama hawakutazamwa na mtu. Tamaa ya mtoto wa Rumangabo haina maonyesho ya namna hiyo nyuma yake.

Kuna pia kauli ya kutendana. Majirani husukana: leo huyu ameinamisha kichwa magotini pa mwenzake, kesho ni zamu ya mwingine. Mkono unaoingia katika nywele hapo ni wa mtu anayejulikana jina na ukoo, naye ana kichwa chake cha kutoa. Ombi la mgeni halina -ana.

Kwa anayefasiri ombi hilo, kazi si nyepesi. "Naomba kugusa nywele zako" hufuata maneno ya mwombaji neno kwa neno. "Naomba nikuguse nywele" humtaja anayeombwa, na huenda waombaji wengi wangesita kulitamka.