Kabla ya kuuliza "wani ngapi", uliza waliingia wangapi

Mzazi wa Dodoma mwenye binti anayeongoza darasani ana bahati ambayo wazazi wa mikoa mingi hawana. Nje kidogo ya jiji, ukishika barabara ya Arusha, upande ule unakojengwa uwanja mpya wa ndege, ipo Shule ya Sekondari ya Wasichana Msalato. Ni moja ya shule saba za Serikali zinazopokea wanafunzi wenye ufaulu wa juu kabisa wa darasa la saba, zile ambazo watu bado wanaziita za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Za wasichana ni tatu tu, na zote tatu ziko katika miji ya Reli ya Kati: Morogoro, Dodoma na Tabora. Binti wa Bahi au Manyoni aliyefaulu sana anaweza kumaliza sekondari bila kuiacha reli aliyoizoea tangu utotoni.

Ila Msalato haiombwi dirishani. Mtoto hufanya mtihani wake Septemba, masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. TAMISEMI ndiyo inayopanga nani aende wapi, na orodha hutoka Desemba. Nafasi ni chache, na kila mwaka wapo mabinti wenye A tupu ambao majina yao hutokea kwenye shule ya kata iliyo jirani na nyumbani. Hapo ndipo simu zinapoanza. Shangazi aliye Dar anataja shule ya masista, jirani anasifu shule aliyompeleka wake, baba anataka kujua ada. Na katikati ya mazungumzo yote hayo swali linalorudi ni moja: "Wani ngapi?" Yaani, shule imetoa daraja la kwanza ngapi?

Swali hilo ndilo linalowapoteza wazazi wengi.

Zamani kidogo Baraza la Mitihani, NECTA, lilikuwa likitangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji wake, Athumani Amasi, alisema utaratibu huo umekoma, kwa kuwa wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana na kuwapanga namna hiyo hakuna tija. Niliuunga mkono uamuzi huo na bado nauunga mkono. Lakini orodha haikufa. Imehamia kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye mabango ya barabarani, ambako kila shule hujipangia nafasi inayoitaka.

Matokeo yenyewe bado yako wazi kwenye tovuti ya NECTA, kila shule kwa namba ya kituo chake, yakionyesha wangapi wamepata daraja la kwanza, la pili, la tatu, la nne na sifuri. Daraja la kwanza linaanzia pointi 7 hadi 17, kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mzazi akifungua ukurasa huo macho hukimbilia safu ya kwanza, akahesabu wani, akafunga. Anaacha habari iliyo muhimu kuliko hiyo, nayo ni idadi ya waliofanya mtihani.

Fanya hivi jioni moja, ukiwa na kalamu. Chukua matokeo ya kidato cha nne ya shule unayoipenda, andika watahiniwa walikuwa wangapi. Kisha tafuta matokeo ya upimaji wa kidato cha pili wa shule hiyohiyo miaka miwili nyuma. Kama umechukua kidato cha nne cha 2024, tazama kidato cha pili cha 2022. Linganisha. Tuseme kidato cha pili walikuwa 118, kidato cha nne wakafika 81, na wote 81 wakapata daraja la kwanza. Bango litaandika asilimia mia moja. Wewe uliza wale 37 wako wapi.

Wapo waliohama kwa sababu za kawaida: mzazi kahamishwa kazi, ada imeshinda, mtoto kaugua. Sisi wa Dodoma tunalijua hilo vizuri, maana tangu Serikali ianze kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, watoto wa watumishi wamekuwa wakiingia na kutoka madarasani katikati ya mwaka. Wawili, watano, hata kumi wanaelezeka. Thelathini na saba ni utaratibu wa shule. Hao ni wasichana walioambiwa hawajafikisha wastani uliowekwa na shule, wakakaririshwa darasa, au mama akaitwa ofisini na kushauriwa kwa upole amtafutie mtoto shule nyingine. Wengine hubaki palepale lakini husajiliwa kufanyia mtihani kituo kingine, kwa namba isiyogusa sifa ya shule. Serikali imekemea mchujo huu zaidi ya mara moja. Haujaisha, kwa sababu sisi wazazi tunaulipia: tunakimbilia asilimia mia moja bila kuuliza ni mia moja ya nini.

Najua jibu la mzazi wa binti mwenye akili. Atasema wangu hawezi kuwa miongoni mwa hao 37, wangu ni wa kwanza tangu darasa la pili. Hapo ndipo napenda tukae kidogo, kwa sababu binti mwenye akili ndiye anayeanguka kwa namna isiyotarajiwa.

Mtazame aliyetoka shule ya msingi ya Serikali, tuseme Mpwapwa au Chemba. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili. Hisabati amezijua kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, na swali akilisikia mara moja tu mkono uko juu. Januari anaingia kidato cha kwanza na masomo karibu yote, ukiacha Kiswahili chenyewe, yanafundishwa kwa Kiingereza. Mmeng'enyo wa chakula aliokuwa akiueleza kwa ufasaha sasa uko kwenye kitabu asichoweza kukisoma ukurasa mzima bila kamusi. Pembeni yake kuna mwenzake aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza, ambaye pengine hamzidi akili hata kidogo, lakini anajibu. Ongeza kwamba kila msichana darasani humo alikuwa wa kwanza kwao. Jaribio la kwanza linarudi na alama 38. Mtoto ambaye hajawahi kuwa wa pili sasa ni wa arobaini, yuko mbali na mama yake, na usiku hana wa kumwambia.

Kinachotokea kati ya Februari na Juni ya mwaka huo ndicho kinachoamua miaka minne inayofuata. Kwa hiyo, ukienda kuonana na mkuu wa shule, iwe ya Serikali au ya binafsi, muulize: "Mtoto akishuka, mnamfanyaje?" Ukijibiwa kwamba hapa hawashuki, shukuru, toka. Shule inayojua kazi yake itakutajia mambo yanayoshikika: kuna kozi ya Kiingereza kwa wiki kadhaa mwanzoni mwa mwaka, mwalimu fulani hukaa nao saa za prepu, mwalimu mlezi hukutana nao kila wiki, mzazi hupigiwa simu kabla ripoti haijaandikwa. Jibu la aina hiyo haliwezi kutungwa papo hapo.

Na hili linazihusu Msalato, Kilakala na Tabora Wasichana pia. Nazipenda shule hizi na naona fahari kwamba nchi yetu inazo. Kilakala ilikuwa Marian College ya masista wa Maryknoll, ndiko alikosoma Gertrude Mongella, mtoto wa kisiwa cha Ukerewe, ambaye mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake mjini Beijing na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Lakini shule inayopewa watoto bora wa nchi ni lazima itoe matokeo mazuri, na matokeo hayo hayatoshi kutuambia imemwongezea nini kila mmoja wao. Nafasi ikipatikana, mpeleke bila kusita. Ukishampeleka, fuatilia kama ambavyo ungefuatilia shule ya kata.

Kwa binti anayeelekea sayansi, uliza habari za hisabati kabla ya maabara. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2023 na 2024, waliofaulu hisabati nchini walikuwa takriban robo tu ya waliofanya. Shule yenye walimu wawili wa hisabati waliokaa miaka mitano ni hazina kuliko yenye jengo jipya la ghorofa. Kisha omba kuzungumza na msichana wa kidato cha tatu, hata kama mwalimu yuko pembeni, umuulize wiki hii amefanya jaribio gani la kemia kwa mikono yake mwenyewe. Utaona usoni. Mbele huko kuna tahasusi za sayansi za PCM na PCB, kuna Shule ya Wasichana ya Bunge kule Kikombo iliyojengwa kwa harambee ya wabunge wanawake wakati wa Spika Job Ndugai, kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 kuna ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu sana sayansi kidato cha sita. Milango hiyo yote hufunguliwa na mwalimu wa hisabati wa kidato cha kwanza.

Sasa maji. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima haifiki kile kinachonyesha Bukoba kwa miezi michache. Bweni la wasichana mia tatu linahitaji maji kila siku, na zaidi siku za hedhi. Usiridhike kuonyeshwa tangi. Omba kwenda vyooni, fungua bomba mwenyewe, na uifanye safari hiyo Septemba au Oktoba, wakati nchi imekauka, kwa sababu Machi kila shule ina maji. Mahali ambapo wasichana huamka saa kumi alfajiri kupanga ndoo kisimani, saa hizo zimetolewa kwenye usingizi au kwenye masomo. Hakuna mtu atakayeziandika kwenye ripoti ya matokeo.

Ukiwa bwenini, inua macho uangalie madirisha na milango. Mwaka 1994 zaidi ya wasichana 40 waliteketea kwa moto bwenini katika shule ya Shauritanga, Kilimanjaro. Agosti 2009 wengine 12 walikufa katika shule ya Idodi, Iringa, kwa moto ulioanzia kwenye mshumaa. Bweni lenye nondo dirishani na mlango mmoja unaofungwa usiku kwa kufuli kutoka nje, usimlaze mwanao humo, hata kama shule imetoa wani ya pointi 7 kwa darasa zima. Uliza pia matroni analala wapi na ufunguo anao nani.

Wapo watakaosema basi abaki nyumbani, shule ya kutwa, hakuna ada tangu 2016, na mzazi anamwona kila jioni. Inawezekana, na ninawajua waliofika mbali kwa njia hiyo. Sharti lake ni zito: binti wa kutwa apewe saa za bweni. Akirudi saa kumi jioni akakuta maji ya kuchota, mboga za kuchambua, mdogo wake wa kubeba, na kaka yake ameshika simu sebuleni, basi mtihani wake wa fizikia umeshaamuliwa pale jikoni. Mama na baba wanaoweza kugawa kazi za nyumbani sawa kwa watoto wote, taa ikawashwa na meza ikawa yake kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, wanaweza kuokoa mamilioni ya ada.

Upande wa shule binafsi nasema moja tu. Ada unayoweza kulipa kidato cha kwanza ndiyo utakayotakiwa kulipa miaka minne, pamoja na nauli, sare, na michango isiyotajwa kwenye fomu. Binti anayerudishwa nyumbani kila muhula kwa kudaiwa hupoteza wiki za masomo, na hupoteza ujasiri wa kunyoosha mkono darasani.

Kuna jambo la tarehe. Chini ya mitaala iliyoanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao walio mbele yao watamaliza la saba. Madarasa mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza Januari 2028 kwa pamoja, na vitanda vya Msalato havitakuwa vimeongezeka maradufu. Serikali imejenga shule za sayansi za wasichana mikoani kupitia mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, na shule za binafsi zitafungua milango mipya, nyingine nzuri na nyingine za haraka. Mwenye binti katika madarasa hayo mawili azitembelee mapema, wakati wa kiangazi, aingie vyooni na mabwenini, afungue na kurasa za NECTA za kidato cha pili na cha nne. Na aende naye huyo binti, amsikilize njiani wakati wa kurudi anasema nini juu ya walimu aliowaona.